Matonya, Mlinzi wa Ziwa la Ihumwa

Wajerumani walipoishika nchi ya Ugogo waligawa vyeo vingi. Wengine walifanywa majumbe, wengine askari, wengine wanyapara wa barabara. Matonya wa Lemanya alifanywa mlinzi wa ziwa. Alikuwa mtu wa Ihumwa, mahali ambapo mvua ikinyesha miezi minne watu husema mwaka umekuwa mwema. Cheo hicho hakukiomba, na siku alipokipata alikipokea kwa sababu kilichokuwa upande wa pili kilikuwa kiboko.

Kabla ya hapo alikuwa mchungaji, na katika uchungaji alijulikana kwa jambo moja: kutafuta ng'ombe waliopotea. Ng'ombe wa mtu akipotea hata kule Mkonze, aliitwa Matonya. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye masikio yaliyotobolewa na macho aliyoyakunja daima kama mtu anayesoma barua yenye mwandiko mbaya. Alipokuwa na miaka arobaini hivi, reli ilikuwa imeshapita Ihumwa na treni ilikuwa ikiwatisha ng'ombe mara mbili kwa juma. Hapo ndipo Bwana Holtz alipokuja.

Bwana Holtz alikuwa mpiga picha. Alitumwa na chama kimoja cha huko kwao, chama cha watu walionenepa, waliotaka watu wengine waliokonda wahamie Ugogo wakalime. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za nchi zenye kuvutia, ili yule aliyekonda akiiona picha auze kiti na meza apande meli. Alikuja mwezi wa tisa, wakati nchi imekauka hadi mbuzi wanapandiana migongoni kufikia majani ya juu. Alikuwa na masanduku kumi na manne: ya kamera, ya vioo vya kupigia picha, ya dawa za kuoshea, na moja la soseji. Matonya aliandikwa kubeba ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, kwa kuwa ilikuwa mirefu na yeye alikuwa mrefu.

Kwa siku tano Bwana Holtz alipiga picha. Alikuwa mtu wa ratiba: anaamka, anakunywa kahawa, anaandika barua, anakagua masanduku, na ikifika saa sita mchana, jua likiwa utosini, anaanza kazi. Jioni alijifungia katika hema lake jeusi akaosha vioo, kisha wapagazi wakamsikia akitukana. Siku ya tano alitoka na picha mkononi, amevimba uso.

"Tazama!" alimfokea Matonya, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Kiswahili alikijua, ila alikisema kama mtu anayepigilia misumari. "Hili ni jabali kubwa kama kanisa! Hapa linaonekana kama nini?"

Matonya alikuwa hajawahi kuona picha. Aliigeuza, akaitazama vizuri. "Kama unga uliomwagika, Bwana."

"Unacheka?"

"Sicheki. Nimekunja uso tu." Kisha, kwa kuwa jambo lenyewe lilimkera kama linavyomkera fundi anapoona mtu ameshika jembe kwa upande wa chuma, akasema, "Bwana, mimi ng'ombe akipotea, simtafuti saa sita."

"Nani amesema ng'ombe?"

"Saa sita ardhi inakuwa bapa. Jua likiwa juu yako, nyayo hazionekani, hata ukizikanyaga. Asubuhi, jua likiwa bado liko chini, linapita kwa ubavu. Kila unyayo unakuwa na kivuli chake, hata wa mbuzi utauona kutoka mbali. Kitu hakionekani kwa mwanga peke yake, Bwana. Kinaonekana kwa kivuli. Jabali nalo ni hivyo hivyo."

Bwana Holtz alimwambia anyamaze. Lakini kesho yake alfajiri, kabla ya kahawa, aliamuru kamera ipelekwe kwenye lile jabali. Jua lilipochomoza likalipiga jabali ubavuni, kila mpasuko ukawa mweusi na kila tumbo la jiwe likang'aa, na miti ya miiba ikalaza vivuli virefu chini. Alipotoka hemani na picha ile hakutukana. Alikaa juu ya sanduku la soseji akaitazama muda mrefu. Kisha akafungua daftari lake, akaandika, akapigia mstari, akamsomea Matonya kwa fahari: "Kanuni ya Kwanza ya Holtz: mwanga wa ubavuni."

"Vizuri, Bwana," akasema Matonya.

Hivyo ndivyo walivyoishi miezi ile, na Kanuni za Holtz zikaongezeka. Bwana alipokuwa akipiga picha ya uwanda mtupu, ikatoka kama shuka iliyoanikwa, Matonya alimwambia kwamba mchungaji akitaka kumwelekeza mwenzake mahali, haanzi na mlima wa mbali. Huanza na kilicho miguuni: "Unaliona hili jiwe? Haya, kutoka hapa tazama ule mti, na nyuma ya mti ule kilima." Bwana Holtz akasogeza kamera nyuma ya jiwe, na picha ikapata mlango wa kuingilia. Hiyo ikawa Kanuni ya Pili. Upepo wa Ugogo ulipoitikisa kamera, Matonya alijaza mfuko mawe, akauning'iniza katikati ya ile miguu mitatu. Hiyo ilikuwa ya Tatu. Lile la kioo cha manjano, kilichowekwa mbele ya kamera ili mawingu yasipotee mbinguni, lilikuwa la Bwana Holtz mwenyewe, na tumpe haki yake.

Jambo aliloliweza Bwana Holtz kupita yote lilikuwa kungoja. Angeweza kukaa nyuma ya kamera saa mbili, akilingoja wingu moja lifike juu ya kilima kimoja, na mtu akikohoa yeye hunyoosha kidole na kusema, "Subiri!" Watu wa Ihumwa wakamwita Bwana Subiri. Matonya ndiye mtu pekee ambaye kungoja kule hakukumchosha. Siku moja Bwana alimruhusu aingize kichwa ndani ya kile kitambaa cheusi. Akaiona nchi yake yote kwenye kioo, ndogo, yenye rangi zake, vilima vikining'inia juu na mbingu ikiwa chini. Alitoka taratibu.

"Umeona?" akauliza Bwana Holtz.

"Nimeona, Bwana. Imepinduliwa."

"Ndiyo kawaida yake."

"Ni kweli," akasema Matonya. "Tangu mlipoleta kodi."

Bwana Holtz hakusikia, au aliona afadhali asisikie.

Mambo yalianza kuharibika siku walipopiga picha ya bonde alikozaliwa Matonya. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, mwanga mzuri. Bondeni kulikuwa na tembe sita zenye mapaa bapa, njia ya kwenda kisimani, na watu wakipita: wanawake na vibuyu vya maji, wanaume na mifugo. Bwana Holtz akatoa kichwa kitambaani.

"Wale watu watoke."

"Watoke waende wapi, Bwana?"

"Popote. Chama kinataka picha ya nchi iliyo tupu. Mtu hawezi kuhamia mahali ambapo watu wamekwisha kuhamia."

Matonya akashuka bondeni. Wa kwanza kukutana naye kisimani alikuwa Tabu, mke wake, ambaye hakuwa mtu wa kuhamishwa kwa urahisi.

"Mama Ndahani," akaanza, "Bwana anaomba mtoke kisimani kidogo. Mnaharibu nchi."

Tabu akatua kibuyu chake. "Mwambie na yeye aache kunywa maji kidogo."

Matonya alirudi na jibu hilo akiwa amelilainisha. Bwana Holtz alifikiri, kisha akatabasamu. Akaukaza mdomo wa kamera ukawa tundu dogo, akaweka kile kioo cha manjano, akaondoa kifuniko, akaanza kuhesabu polepole. Hakuacha mpaka akafika mia. Matonya aliiona ile picha kesho yake. Bonde lilikuwepo, kisima kilikuwepo, kila jani mahali pake. Lakini njia ilikuwa tupu. Hapakuwa na mwanamke, hapakuwa na ng'ombe. Kisimani palikuwa na kitu kama moshi mwepesi.

"Watu wako wapi?"

"Walitembea," akasema Bwana Holtz kwa furaha. "Kamera ikihesabiwa muda mrefu, anayetembea hashikiki. Kinabaki kile kisichosogea. Kanuni ya Sita."

Matonya aliisogeza picha karibu na uso. Juu ya paa la tembe la kati alimwona mtu mmoja amekaa, mdogo kama punje ya uwele. Alikuwa mama yake, Nhonya, aliyekuwa amekaa darini akilinda mtama wake usiliwe na ndege. Miguu yake haikuwa na nguvu na alikaa pale tangu asubuhi bila kusogea. Matonya akafurahi sana. Akamwonyesha Bwana kwa kidole.

Bwana Holtz akavaa miwani, akatazama, akatikisa kichwa. Akakichukua kioo cha picha ile, akachukua kisu kidogo, akakwangua mara mbili tatu, akapuliza.

"Uchafu kidogo," akasema.

Usiku ule, Tabu alipomuuliza mumewe kazi imekwendaje, alisema tu kwamba Mzungu ana kisu. Lakini hakuacha kazi. Aliyeacha kazi ya Wajerumani bila ruhusa alijua kwamba njia ingempeleka bomani kuchapwa. Na kuna neno lingine aliloona aibu kulisema mbele ya mke wake: alikuwa anaipenda ile kazi. Alikuwa ameitazama nchi ile tangu utotoni akitafuta ng'ombe, na sasa kwa mara ya kwanza aliitazama bila kutafuta kitu.

Mvua zilikuja mwezi wa kumi na mbili, na mwezi wa tatu nchi ilikuwa kijani. Nje ya Ihumwa kuna bwawa la tope, linaitwa Nhumbi, ambalo mvua hulijaza na jua hulinywa. Mwaka ule lilijaa vizuri. Ng'ombe waliingia hadi magotini. Chama kilikuwa kimeandika barua ya hasira kikitaka picha ya maji. Bwana Holtz akasimamisha kamera ukingoni, akaona dimbwi.

"Dogo," akasema. "Dogo mno."

"Ukilitazama ukiwa umesimama, ni dogo," akasema Matonya. "Fisi akija kunywa halioni hivyo."

"Fisi analionaje?"

Matonya akalala kifudifudi kwenye matope, kidevu karibu na maji. Bwana Holtz, mtu aliyependa suruali zake, akasita kidogo, kisha akalala naye. Kutoka pale chini maji yalienda, yakaenda, yakagusa mbingu. Ukingo wa pili ukawa uzi. Vile vilima vya mbali vikasimama kichwa chini ndani ya maji. Bwana Holtz alishusha kamera hadi matopeni, akaweka ua la yungiyungi karibu mbele, akangoja wingu, akangoja upepo utulie, akapiga.

Picha ile ilikuwa nzuri kupita zote. Hata ng'ombe angeonyeshwa picha ile asingeamini kwamba jana yake alilivuka kwa miguu.

"Ila mwezi wa saba litakuwa limekauka, Bwana," Matonya alimkumbusha. "Ukiandika chini ya picha, uandike na hilo."

"Picha haina mwezi," akasema Bwana Holtz, akafunga sanduku.

Picha ikaenda Ulaya, ikachapwa kwenye kadi maelfu kwa maelfu. Chini yake paliandikwa kwamba hilo ni ziwa jipya lililogunduliwa katika uwanda wa kati wa koloni. Ile kubwa yenyewe ilitundikwa ukutani kwa Bwana Shauri, mtawala wa sehemu ile, mtu mwenye masharubu yaliyopakwa nta. Yeye alilichora ziwa lile kwenye ramani kwa wino wa buluu, akalipa jina la mke wake aliyebaki kwao. Likawa Ziwa Mathilda. Mke akajibu kwa barua, mara ya kwanza katika miaka miwili, kwamba amefurahi. Bwana Holtz akapewa nishani, akaenda kutoa mihadhara juu ya Kanuni zake.

Mwezi wa kumi, treni ilisimama Ihumwa ikamshusha Mjerumani mnene mwenye ndevu nyekundu, jina lake Petersen. Pamoja naye ikashusha nyavu, mapipa ya chumvi ya kukaushia samaki, na mashua. Ilikuwa mashua ya kweli, ya rangi nyeupe, yenye makasia manne na mlingoti. Wapagazi kumi na wawili waliibeba kichwani wakipita katikati ya miiba, na watu wa Ihumwa wote wakafuata nyuma, kwa sababu wengi wao hawakuwa wamewahi kuona mashua na wote walijua inakoelekea.

Walipofika Nhumbi, palikuwa na udongo mkavu uliopasukapasuka, na katikati mbuzi watatu wamelala. Bwana Petersen alitoa kadi mfukoni. Akatazama kadi, akatazama mbuzi. Akageuka, akailinganisha na vilima: vilima vilikuwa vile vile, hata kimoja hakikupungua. Wapagazi wakaitua mashua. Yeye akapanda, akakaa ndani yake, kofia kichwani, akafunika uso kwa viganja. Watu walikuwa wamejiandaa kucheka, lakini hakuna aliyecheka. Matonya alikwenda nyumbani akaleta kibuyu cha maziwa, akampa, na yule mtu akanywa yote. Kisha akasema mengi, na jioni ile ile Matonya akakamatwa.

Shauri lilisikilizwa bomani asubuhi. Kiboko kilikuwa juu ya meza, kimelainishwa kwa mafuta, na askari wa kukitumia alikuwa amekwisha kunja mkono wa shati. Karani alikuwa Elieza, kijana aliyesomeshwa misheni ya Mpwapwa, aliyeandika kila neno. Matonya alisimama akiwa anahesabu moyoni: ishirini na tano. Alikuwa amemwona mjomba wake akirudi na ishirini na tano, na mjomba hakukaa chini mwezi mzima.

"Wewe ndiye uliyemwonyesha Bwana Holtz ziwa?" akauliza Bwana Shauri.

"Nilimwonyesha dimbwi, Bwana. Ziwa alilifanya yeye."

"Lina maji?"

"Mwezi wa tatu lina maji, Bwana."

"Na sasa?"

"Sasa ni mwezi wa kumi."

"Hakuna ziwa!" akanguruma Bwana Petersen. "Hakuna, na halikuwapo! Nitaandika magazetini!"

Bwana Shauri alitazama picha ukutani. Akatazama ramani, ule wino wa buluu. Macho yake yakapita juu ya barua ya mke wake iliyokuwa mezani. Matonya, aliyezoea kusoma nyayo, aliliona wazo likivuka uso ule kutoka ukingo hadi ukingo.

"Ziwa lipo," akasema Bwana Shauri. "Liko kwenye ramani. Maji ndiyo hayapo. Hayo ni mambo mawili tofauti. Karani, andika: maji yameondoka. Matonya! Yalipoondoka, nani alikuwa akiyalinda?"

"Hakuna, Bwana."

"Hakuna!" Bwana Shauri akapiga meza, kiboko kikaruka. "Serikali inagundua ziwa zima, na hakuna hata mtu mmoja wa kulilinda! Ndiyo maana! Tangu leo wewe ni mlinzi wa ziwa. Utakuja kila Jumatatu kutoa habari za maji. Hutalipa kodi, hutakwenda kazi ya barabara. Na mashua itabaki pale pale. Penye mashua, mtu mwenye akili hawezi kusema hapana ziwa."

Bwana Petersen alipewa shamba milimani karibu na Mpwapwa ili asiandike magazetini. Alipanda viazi, na inasemekana alistawi. Matonya alitoka nje na kofia nyekundu ya kazi mkononi.

Tabu alimsikiliza mpaka mwisho. "Sasa wewe ni mlinzi wa nini?"

"Wa ziwa."

"Lile la mbuzi?"

"Hilo hilo."

"Na lisipokuwa na maji, unalinda nini?"

"Ngozi yangu, Mama Ndahani."

Tabu akafikiri, akasema kwamba kama kodi haipo, basi alilinde vizuri.

Kila Jumatatu Matonya alivaa kofia akaenda bomani. "Karibu, Baba Ndahani," Elieza alimwambia. "Habari za maji?" "Hayajarudi." Naye Elieza, ambaye misheni ilimfundisha asiseme uongo, aliandika: Kiwango cha maji hakijabadilika tangu juma lililopita. Mwezi wa tatu maji yalirudi, na Matonya akasifiwa kwa barua kwamba ameyarudisha. Watu walimcheka, kisha wakaacha kumcheka wakaanza kuomba. Mmoja aliomba awe mlinzi wa samaki. Mwingine akadai kwamba mashua kama ile haiwezi kukosa msaidizi.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tisa, ikaja habari kwamba Bwana mkubwa kutoka pwani atapita na treni, naye ameona kadi, naye anataka kuliona Ziwa Mathilda. Masharubu ya Bwana Shauri yalilegea. Alimwita Matonya, safari hii akafunga mlango.

"Nini kifanyike?" akauliza. Lilikuwa swali ambalo Matonya hakuwahi kulisikia kwa Mjerumani yeyote.

Matonya alifikiri. Aliwaza kukaa kimya amwache azame. Lakini kiboko bado kilikuwa pale mezani, na alijua Bwana Shauri akizama hatazama peke yake.

"Treni inapita saa ngapi, Bwana?"

"Saa saba mchana."

"Ni vizuri. Isipite mapema."

Upande wa kusini wa reli kuna uwanda mweupe, mtupu, wenye chumvichumvi. Wachungaji wanaukwepa, maana saa saba za jua kali mazigazi huwaka pale, na ng'ombe wenye kiu huyakimbilia wakidhani maji, wakapotea. Matonya alikuwa amewarudisha wengi kutoka huko. Akaagiza mashua ibebwe mpaka katikati ya uwanda ule, mbali na reli kiasi cha mwendo wa robo saa. Yeye akaingia ndani, amevaa kofia nyekundu, amesimama na kasia.

Joto lilikuwa la kuchemsha ubongo. Treni ikaja, ikapunguza mwendo kama ilivyoamriwa. Kutoka dirishani wale wakubwa waliona maji yaking'aa hadi mwisho wa macho, vilima vikielea juu yake, na mashua nyeupe ikitikisika polepole, na ndani yake mvuvi mwaminifu akipiga kasia. Bwana mkubwa alitoa leso akaipunga. Matonya akapunga kasia.

"Tushuke?" akauliza Bwana mkubwa.

"Mbu, mheshimiwa," akasema Bwana Shauri haraka. "Mbu wengi sana upande wa ziwani."

Treni ikaongeza mwendo. Matonya akakaa chini ndani ya mashua, kijasho kikimchuruzika, katikati ya udongo mkavu, akacheka mpaka akakohoa. Kisha ikamjia kwamba amemwokoa mtu ambaye angemchapa, kwa hila ya macho ile ile iliyomfuta mama yake darini, na kicheko kikakatika. Mama alikuwa amefariki mwaka ule wakati wa palizi. Picha yake haikuwako mahali popote. Akaivua kofia, akaitupa sakafuni mwa mashua, akatembea kwa miguu hadi nyumbani. Jumatatu alirudi kuichukua, kwa kuwa kodi ilikuwa bado kodi.

Vita vikaja. Mwaka wa pili wa vita boma lilianza kuondoka kipande kwa kipande, na katikati ya kiangazi cha mwaka wa tatu likatoweka lote, Bwana Shauri mbele, masanduku nyuma. Siku chache baadaye kikaja kikosi cha farasi cha upande wa Waingereza, watu wekundu kwa vumbi, farasi wao ulimi nje. Walikuwa wameiteka ramani ya Kijerumani, na kwa siku mbili walikuwa wakiuendea wino wa buluu. Waliposimama Nhumbi, ofisa wao hakupaza sauti. Alishuka tu, akaupiga udongo kwa buti.

Matonya alikuwa hapo, akitafuta mbuzi. Elieza naye alikuwa hapo, kwa sababu Kiingereza cha misheni kilikuwa ghafla kimepata thamani.

"Anauliza ziwa limekwenda wapi," Elieza akatafsiri.

"Mwambie limekwenda na wenyewe."

Elieza alitafsiri. Ofisa akamtazama Matonya, na Matonya akawatazama farasi. Mmoja alikuwa amepiga magoti. Matonya alikuwa amekaa na wanyama maisha yake yote, na kuona hali ile hakuweza. "Mwambie anifuate," akasema. "Wasikimbie. Wakikimbia watakufa njiani."

Akawapeleka mwendo wa saa moja, hadi bonde lile alikozaliwa, kwenye kisima cha korongoni kilichochimbwa chini ya mchanga. Wanawake walikuwa kwenye mstari na vibuyu vyao, kumi na watatu, Tabu wa nne. Askari wakaanza kusukuma farasi mbele. Tabu akanyoosha mkono, akamshika farasi wa ofisa hatamu, kama anavyomshika ndama mtukutu.

"Elieza, mwanangu, mwambie huyu bwana mwisho wa mstari uko kule, nyuma ya Mama Mazoya. Na mwambie farasi wanywe kwenye birika la ng'ombe, wasitie midomo kisimani."

Elieza akatafsiri kila neno. Ofisa alikitazama kisima, akautazama mstari, akamtazama yule mwanamke ambaye hakuiachia hatamu. Akavua kofia. Akageuza farasi, na watu wake mia mbili wakamfuata, wakajipanga nyuma ya Mama Mazoya, na Matonya akaingia korongoni kuwatekea.